Mvutano kuhusu kazi ya umeme iundwayo karakanani

KATIKA baadhi ya nyumba za mashambani zilizopata umeme kupitia mradi wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015, hakuna waya uliofukiwa ukutani wala bomba lililopitishwa darini. Kilichopo ni kibao kimoja tu kilichofungwa ukutani kwa skrubu.

Kibao hicho huja kikiwa tayari na swichi, soketi, kishikio cha balbu na kifaa cha kukata umeme hitilafu inapotokea. Mafundi hukiita redibodi. Waya wa kutoka kwenye mita ukishaunganishwa nacho, nyumba ina mwanga, na kazi ambayo ingemshika fundi siku nzima au zaidi huwa imekamilika kwa muda mfupi. Afrika Kusini ilitumia vibao vya aina hiyo miaka ya tisini ilipokuwa ikisambaza umeme katika mitaa ya wanyonge.

Redibodi ni mfano mdogo wa jambo kubwa linaloitwa uundaji wa awali. Maana yake ni kwamba sehemu za mfumo wa umeme hukatwa, huungwa na hupimwa karakanani au kiwandani, kisha hupelekwa mjengoni zikiwa tayari kuwekwa mahali pake.

Mwenye nyumba hukiona kibao hicho kuwa neema. Fundi wa kijijini aliyetarajia ujira wa kupitisha nyaya katika vyumba vitatu huenda asikione hivyo. Mataifa yaliyotangulia katika ujenzi wa aina hii yameishi na tofauti hiyo ya mitazamo kwa muda mrefu, hasa Marekani, ambako mvutano wenyewe ulifika hadi Mahakama ya Juu.

Kazi gani huhamishwa

Asiyewahi kufanya kazi ya umeme katika jengo kubwa aghalabu hudhani kwamba fundi hushinda akiunganisha nyaya. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yake hupotea katika mambo mengine: kubeba vifaa kutoka ghorofa moja hadi nyingine, kupima, kukata mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya, kuyapinda, kupanda na kushuka ngazi, na kungoja mafundi wengine wamalize ili naye apate nafasi.

Hizo ndizo kazi ambazo karakana huzichukua kwanza. Mabomba hupindwa kwa mashine kulingana na michoro. Visanduku vya soketi na swichi hufungwa nyaya zake, huwekewa alama ya chumba vinakokwenda, kisha hupangwa katika mikokoteni kwa kufuata ghorofa. Fundi aliye mjengoni huvikuta vimewekwa karibu na ukuta wake, naye huvifunga na kuunganisha ncha.

Hatua ya pili ni kubwa zaidi. Hapo huundwa fremu ndefu ya chuma inayobeba kwa pamoja mabomba ya umeme, ya maji, ya hewa na ya gesi za hospitali. Fremu hiyo huinuliwa kwa mashine na kuning'inizwa darini katika ujia wa jengo.

Jijini Dayton, jimbo la Ohio, Hospitali ya Miami Valley ilijengewa jumba jipya lililofunguliwa mwaka 2010. Vyumba vyake 178 vya wagonjwa vilifanana, kwa hivyo bafu, kuta za nyuma ya vitanda zenye soketi na vifaa vya gesi, pamoja na fremu za darini ziliundwa ndani ya ghala lililokuwa umbali mfupi kutoka kwenye jengo. Wajenzi walisema mbinu hiyo iliwapunguzia muda kwa zaidi ya miezi miwili. Tangu hapo mradi huo umekuwa ukitajwa mara kwa mara na wanaoitetea mbinu hii.

Faida ambayo haitajwi sana ni ya mwili wa fundi. Karakanani kazi huwa juu ya meza, usawa wa kiuno, chini ya paa na taa nzuri. Anayefanya kazi hapo hahitaji kunyoosha mikono juu ya kichwa kutwa nzima wala kusimama kwenye ngazi, na kuanguka ni mojawapo ya sababu kuu za vifo katika ujenzi. Fundi mwenye umri mkubwa ambaye magoti yamemchoka anaweza kuendelea na kazi miaka kadhaa zaidi.

Ukuta wa New York

Mbona basi mbinu yenye faida hizo ikapingwa vikali?

Chama cha mafundi wa umeme cha Marekani, IBEW, kiliundwa mwaka 1891, na chama cha wanakandarasi wa umeme, NECA, mwaka 1901. Katika jiji la New York, tawi la IBEW linalojulikana kama Local 3 lilikuwa na nguvu kuliko mengi. Lilifanya mikataba na wanakandarasi wa jiji kwamba wanunue vifaa vya umeme kutoka tu kwa viwanda vya jijini vilivyoajiri wanachama wake. Viwanda navyo vilikubali kuwauzia wanakandarasi walioajiri wanachama hao pekee.

Vifaa vilivyohusika ni pamoja na bodi kubwa za kugawa na kudhibiti umeme, ambazo huwasili zikiwa zimeshaungwa ndani. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Bodi ikija kutoka jimbo la mbali ikiwa imekamilika, saa za kuiunga zimekwenda kwa mtu mwingine, pengine anayelipwa ujira mdogo zaidi.

Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza. Mishahara ya wanachama ilipanda na saa za kazi zikapungua. Viwanda vya New York vilinawiri. Bei nayo ikapaa, hata baadhi ya viwanda hivyo vikawa vinauza kifaa kimoja kwa bei ya juu ndani ya jiji na kwa bei ya chini sana nje yake. Aliyegharamia yote hayo ni mjenzi wa New York, na nyuma yake mpangaji.

Kampuni ya Allen-Bradley ya Milwaukee na nyingine za nje ya jiji zilikwenda mahakamani. Mnamo Juni 1945 Mahakama ya Juu, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Hugo Black, ilisema kwamba chama cha wafanyakazi kinapotetea wanachama wake kikiwa peke yake kinalindwa na sheria, lakini kikishirikiana na wafanyabiashara kufunga soko na kupandisha bei, kinavunja sheria ya mwaka 1890 ya kupambana na ukiritimba.

Wengi huusoma uamuzi huo kama kushindwa kwa mafundi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, usomaji huo ni wa haraka mno. Mahakama haikusema kwamba fundi hana haki ya kuitetea kazi yake. Ilichokataa ni ule ushirika wa mafundi na wenye viwanda. Swali la haki yenyewe lilibaki bila jibu kwa miaka zaidi ya 20.

Jibu lilitoka Philadelphia, na lilihusu maseremala. Katika mradi mmoja wa nyumba, mwanakandarasi aliagiza milango 3,600 ambayo kiwanda kilikuwa kimeshaitoboa nafasi za vitasa na kuikata kwa vipimo. Maseremala walikataa kuigusa, wakisema mkataba wao uliwapa kazi hiyo. Mwanakandarasi akairudisha na kununua milango mitupu, ili maseremala waichonge wenyewe.

Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba maseremala hawakukosea. Jaji William Brennan aliandika kwamba mkataba wa kulinda kazi ambayo wafanyakazi wamekuwa wakiifanya siku zote kwa mwajiri wao si sawa na njama dhidi ya mtu wa nje. Kuanzia hapo fundi wa umeme, wa mabomba na wa mbao walipata msingi wa kisheria wa kusema: kazi hii ni yetu, iwe imefanyiwa wapi.

Haki hiyo iliwekewa mpaka mwaka 1977, katika kesi ya mafundi wa mabomba wa New York waliokataa kufunga mitambo ya hewa iliyoletwa na mabomba yake yakiwa tayari ndani. Mahakama iligundua kwamba mwajiri wao hakuwa na uwezo wa kuwapa kazi hiyo, kwa kuwa mitambo ilikuwa imeagizwa na mwanakandarasi mkuu katika masharti ya mradi. Kumwekea shinikizo mwajiri asiye na la kufanya, ilisema, ni kumpiga mtu kwa kosa la jirani.

Kutoka kukataa hadi kudai

Kesi hizo mbili za mwisho, zikisomwa pamoja, zilionyesha njia. Fundi angeweza kuilinda kazi iliyo chini ya mwajiri wake. Hangeweza kuilinda kazi ambayo mwenye mradi ameamua kuinunua kutoka kiwanda cha mbali. Basi ilikuwa heri kazi ihamie katika karakana ya mwajiri yule yule, ikifanywa na wanachama wale wale, kuliko kukataa mpaka ikatoroka kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa katika sehemu nyingi za Marekani. Wanakandarasi wengi wakubwa wa umeme sasa wana karakana zao, na katika kampuni zenye mkataba na IBEW watu walio kwenye meza hizo aghalabu ni wanachama wa IBEW. Mabishano yaliyobaki ni ya kiwango cha malipo karakanani, ya idadi ya wasaidizi kwa kila fundi aliyehitimu, na ya fundi wa fani gani aunde fremu inayobeba nyaya na maji kwa pamoja. Hayo ni mabishano makali, lakini ni ya watu waliokwisha kukubali kwamba karakana ipo.

Sababu nyingine iliyobadilisha mioyo ni uhaba wa mafundi. Anayejenga jengo la kuhifadhi kompyuta za intaneti leo huhitaji mafundi wa umeme wengi kwa wakati mmoja, na hawapatikani. Pasipo hofu ya kukosa kazi, fundi huitazama karakana kwa jicho jingine.

Shaka sasa imehamia kwa mabosi.

Mwanakandarasi wa umeme anayetaka kuunda mapema huhitaji michoro iliyokamilika mapema. Mabomba yakishapindwa kwa vipimo vya chumba, mhandisi akiusogeza ukuta kwa shubiri moja, hasara ni ya aliyepinda. Ilhali desturi ya ujenzi ni kuanza kuchimba msingi wakati mwenye jengo bado anabadilisha mawazo kuhusu ghorofa ya tano. Programu za kompyuta zinazochora jengo zima kwa pande tatu zimesaidia sana, maana bomba la maji likigongana na la umeme huonekana kwenye skrini kabla ya kugongana darini. Hata hivyo haziwezi kumzuia mteja kubadili nia.

Kisha kuna fedha. Malipo ya ujenzi hufuata kinachoonekana kwenye jengo. Mwanakandarasi aliye na fremu 40 zilizokamilika ndani ya ghala amelipia chuma, shaba na vibarua, lakini benki ya mwenye mradi haioni kitu ukutani. Asipokuwa na kipengele cha mkataba kinachoruhusu kulipwa kwa bidhaa zilizo ghalani, atakopa. Mkandarasi mdogo mwenye gari moja na mafundi sita hawezi kabisa, na ndiye huyo utakayemsikia akisema kwamba karakana ni mchezo wa matajiri. Hajakosea sana.

Wenye tahadhari wana mifano ya karibu. Kampuni ya Katerra ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa azma ya kuunda majengo viwandani na iliyopokea mabilioni ya dola ya wawekezaji, iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2021. Nchini Uingereza, kampuni ya nyumba za kiwandani ya ilke Homes ilianguka mwaka 2023. Kampuni hizo ziliunda majengo mazima wala si umeme pekee, lakini anguko lao huwafanya hata wanaotaka kununua mashine ya kupinda mabomba wafikiri mara mbili.

Kazi inapokatwa vipande

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu nyingine. Huko, tangu 1968, malipo na madaraja ya mafundi wa umeme katika miradi mikubwa yamekuwa chini ya bodi ya pamoja ya waajiri na wafanyakazi, JIB. Mwaka 2011 kampuni nane kubwa zilitangaza kwamba zingejiondoa katika mkataba huo na kuleta mwingine uliopewa jina la BESNA.

Fundi aliyehitimu alikuwa akilipwa pauni 16.25 kwa saa. Pendekezo jipya liliigawa kazi yake mara tatu: kufunga vyuma na mabomba kwa pauni 10.50, kupitisha nyaya kwa pauni 12, na kuunganisha ncha kwa pauni 14. Kwa kuwa fundi mmoja hufanya zote tatu katika siku moja, hesabu haikuhitaji mtaalamu.

Maandamano yalianza London Agosti 2011 na kuenea katika miji mingine. Februari 2012, baada ya mahakama kukataa kuzuia mgomo, kampuni ya Balfour Beatty ilijiondoa katika mpango huo, na nyingine zikafuata. BESNA ikafa.

Mgogoro huo haukuwa juu ya karakana. Lakini ulianika kile ambacho mafundi huogopa wanaposikia neno karakana. Uundaji wa awali huikata kazi vipande kwa asili yake: mmoja hupinda, mwingine huchuna nyaya, wa tatu hukaza skrubu. Kipande kinachojitegemea huweza kupewa bei yake, na bei hiyo daima huwa ya chini kuliko ya ufundi mzima. Waajiri wanaolalamika kwamba mafundi ni wapinzani wa maendeleo wangefaa kuukumbuka mwaka 2011.

Hofu hiyo inamgusa mwanagenzi kuliko yeyote. Marekani, mwanagenzi wa umeme wa majengo husoma na kufanya kazi kwa takriban miaka mitano, akitimiza saa 8,000 hivi kazini. Zamani katika saa hizo alijifunza kupinda bomba likakwepa nguzo mbili na kuingia kisandukuni bila kulazimishwa. Kijana aliyepitisha mwaka mzima akifunga soketi 300 kwa siku juu ya meza atakuwa na mikono myepesi, lakini hajui cha kufanya nguzo inapokutwa mahali ambapo mchoro hauionyeshi. Baadhi ya karakana huwazungusha wanagenzi, muda ndani na muda mjengoni. Nyingine huwaacha pale wanapozalisha zaidi.

Nani anakagua

Suala la mwisho ni la usalama. Mkaguzi wa umeme hutaka kuona nyaya kabla ya ukuta kufungwa. Je, kifaa kikifika kikiwa kimefungwa, afanye nini?

Kanuni za umeme za Marekani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, zinasema kwamba nyaya za ndani ya kifaa kilichoungwa kiwandani na kuidhinishwa na maabara inayotambuliwa, kama vile UL, hazihitaji kukaguliwa upya wakati wa kukifunga, ila kuangalia kama kimeharibika au kimechezewa. Kwa bodi ya kugawa umeme hilo ni jepesi. Kwa fremu iliyoundwa katika karakana ya mwanakandarasi, isiyo na muhuri wa maabara yoyote, mkaguzi humtaka aifungue au yeye mwenyewe aende karakanani. Wanakandarasi wenye busara humwalika mapema.

Humu nchini, Sheria ya Kawi ya 2019 iliiachia Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) jukumu la kutoa leseni kwa mafundi na wanakandarasi wa umeme. Kazi ya nyaya inapokamilika sharti ipimwe na itolewe cheti na mwenye leseni. Mfumo huu unamfuata mtu anayefunga nyaya ndani ya nyumba. Redibodi imetoka kiwandani, hivyo sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mtu ambaye hatawahi kufika katika nyumba hiyo.

Kilichobaki kwa fundi ni kidogo kwa kutazama: waya wa kutoka kwenye mita, ufito wa kupeleka umeme ardhini, na ukazaji wa skrubu chache. Lakini ufito huo usipozikwa vyema, kifaa cha kukata umeme kilichomo kibaoni huenda kisimkinge mtu inavyotarajiwa. Na miezi michache baadaye mwenye nyumba hutaka taa chumbani kwa watoto na jikoni. Hapo hununua waya dukani, akamwita kijana wa jirani, wakauchomeka kutoka kwenye soketi ya kibao kile na kuupitisha juu ya mbao za paa. Nyongeza hiyo haiko katika cheti chochote.